Fundo gani la ndoana kwa nguru? Nimepoteza wanne ndani ya wiki mbili

kijana_wa_kigombe

Habari za humu, na shikamooni wote mlionitangulia.

Niko Kigombe, Tanga. Msimu huu wa kaskazi nimeanza kutoka na baba mdogo kwenye ngalawa yake, tunavua kwa mshipi wa mkono nje ya mwamba. Yeye ni mtu wa nyavu, mshipi anaujua kidogo tu, kwa hiyo mengi najifunza kwa kukosea. Tunatumia chambo cha vibua. Changu nawapata bila shida. Tatizo ni nguru.

Natumia nailoni nyeupe ya milimita 0.80. Kilo zilizoandikwa kwenye lebo ni nyingi kuliko nguru yeyote niliyewahi kumwona akishushwa hapa, kwa hiyo siamini kwamba uzi ni mwembamba. Ndoana nafunga hivi: napitisha uzi kwenye tundu, napiga fundo la kawaida, lile la mwanzo la kamba ya kiatu, narudia mara tatu moja juu ya lingine, halafu nachoma ncha kwa kiberiti ili ijifanye kichwa isichomoke. Hivyo ndivyo nilivyoona wengine wakifanya.

Ndani ya wiki mbili wameondoka wanne. Kila mara hali ni ileile: anabeba, anakimbia, mshipi unanichoma vidole, halafu ghafla mwepesi. Navuta, ndoana haipo. Wa mwisho nilimwona mgongo karibu kabisa na ngalawa. Nyumbani kwetu nguru mmoja wa kilo saba ni unga na sukari ya siku nyingi, na baba mdogo ameanza kuniangalia kwa jicho ambalo silipendi.

Pia nina chambo bandia, samaki wa plastiki mwenye ulimi mbele, nilimnunua kwa mtu. Nikimburuta nyuma ya ngalawa analala ubavu badala ya kuogelea. Hilo nalo ni fundo au nimeuziwa kibovu?

Naomba mnielekeze fundo la kushika.

---

paka_wa_gati

Kaka usijichoshe na mafundo. Nenda 1.20, funga mara tano badala ya tatu, tia tone la gundi kali juu. Mimi nafanya hivyo na sijapoteza kitu.

---

mshipi_wa_wesha

Marahaba mwanangu.

Mimi ni wa Wesha, Pemba. Nimevua kwa mshipi tangu 1979 mpaka macho yaliponikataza kutoka usiku, na sasa kazi yangu ni kukaa barazani nikiwafungia wajukuu ndoana. Kwa hiyo hili unaloliuliza nalishika kwa vidole kila siku iendayo kwa Mungu, na nitakujibu kwa urefu. Nivumilie.

Kabla sijakutajia fundo lolote, nina swali, na naomba ulijibu kwa kuangalia, si kwa kukumbuka. Ule mshipi uliorudi bila ndoana, ncha yake ilikuwaje?

Mwaka 1984 tulikuwa na marehemu baba magharibi ya kisiwa cha Misali, usiku, karabai inawaka. Nikapata mzigo. Nadhani alikuwa chewa, maana hakukimbia, alivuta kwenda chini tu kutafuta pango lake. Nikampandisha kama pima kumi, halafu kimya. Nikaanza kuyalaumu meno yake. Baba akaniambia, "Lete ncha." Akaisogeza kwenye mwanga, akaizungusha baina ya vidole. Ilikuwa imejiviringa mara nne tano, vile mikono ya mung'unye inavyojiviringa kwenye ua. Akasema, "Huyu hakukata. Wewe ndiye uliyemfungulia."

Sikulala usiku ule. Tangu hapo sijawahi kutupa mshipi uliokatika bila kuutazama ncha, na nawaapia wote mnaosoma hapa, hakuna mwalimu wa mafundo kuliko ile ncha iliyorudi.

Ikiwa imejiviringa, fundo limeteleza. Nailoni ikizungushwa na kubanwa kwa nguvu huhifadhi lile umbo. Samaki alivuta, mizunguko ikaachia mmoja baada ya mwingine, ncha ikachomoka tunduni. Uzi haukukatika popote. Hapo hata ukitia mshipi wa kufungia jahazi, utafunguka vilevile.

Ikiwa imekatika safi, kama kwa wembe, hayo ni meno. Nguru meno yake ni bapa, yana makali pande zote mbili, na akifumba mdomo yanapishana kama mkasi. Fundo halina kosa hapo na wala halina dawa. Dawa ni waya, wenzangu watakueleza.

Ikiwa ina manyoya meupe, na ukipitisha kucha juu yake unasikia mikwaruzo hata shibri mbili juu ya ncha, umeburuza kwenye mwamba.

Iko ya nne, ngumu kuiona: imekatika palepale fundoni, haikujiviringa sana, na ukiiangalia kwa karibu ule uzi umekuwa kama umeyeyuka kidogo, umepoteza mng'ao. Huo ni moto. Fundo lilikazwa kavu. Ukitaka kujua ninachosema, chukua nailoni uivute kwa kasi baina ya vidole viwili vikavu. Joto lile unalolisikia wewe kwenye ngozi, uzi unalipata ndani ya fundo mahali padogo mno, na unajichoma wenyewe kwa wenyewe. Ndiyo maana wazee hutia fundo mdomoni kabla ya kulikaza. Mate. Siku hizi naona vijana wanaona kinyaa kwa kuwa mkono umeshika chambo, basi lichovye kwenye maji ya bahari, ila usilikaze kavu. Na usilikaze kwa mkupuo, livute polepole mpaka mizunguko ilale ubavu kwa ubavu.

Sasa hilo fundo lako. Fundo tupu ndilo baya kuliko yote kwenye nailoni, kwa sababu uzi unajikalia wenyewe kwa pembe kali, na ukivutwa unajikata. Ukiliweka moja juu ya lingine hujaongeza nguvu, maana lile la chini kabisa ndilo linalobeba, na bado ni fundo tupu. Kuichoma ncha kwa kiberiti ni kosa la pili. Kile kichwa unakiona kigumu, lakini moto umepita pia kwenye uzi wa jirani. Acha ncha ya milimita nne au tano, ikate kwa kisu, basi.

Kijana wa juu amekushauri 1.20 na gundi. Sina ugomvi naye, lakini uzi ukizidi kunenepa ndivyo fundo linavyozidi kukataa kulala vizuri, na gundi haishiki nailoni kwa muda ndani ya maji ya chumvi. Tena nguru ana macho. Kamba nene anaiona.

Kwa 0.80 na ndoana yenye shina, usifunge tunduni. Funga shingoni. Fanya nami:

Pitisha ncha tunduni ukiingilia upande ule ambao ncha kali ya ndoana inaelekea. Hilo usilikosee, nitakwambia sababu. Vuta uzi wa kutosha, shibri moja na nusu. Ulaze kando ya shina mpaka karibu na mpindo, kisha ukunje urudi kuelekea tunduni, upate kitanzi kilicholala juu ya shina. Bana palepale tunduni kwa dole gumba na kidole cha shahada. Sasa ile ncha ipitishe ndani ya kitanzi, ikizunguka shina na uzi uliolala kwa pamoja, mara sita. Kila mzunguko uketi pembeni ya mwenzake ukielekea mpindo, usipande juu. Lowesha. Vuta ncha kidogo mizunguko ishike, halafu vuta mshipi mkuu mpaka kitanzi kipotee. Mwisho, tundika ndoana kwenye msumari au kwenye kishikizo cha ngalawa, kamata mshipi kwa kitambaa, si kwa mkono mtupu, na uvute kwa uzito wako.

Ukimaliza, shina litakuwa limevaa pete sita zilizobanana kama bangili. Uzito wa samaki unabebwa na shina zima. Na kwa kuwa uzi umeingia upande wa ncha kali, samaki akivuta, ndoana inageuka kidogo na kuingia kwenye taya badala ya kuteleza. Ndiyo sababu niliyokuahidi.

Jambo moja nisilisahau. Ndoana nyingi za bei nafuu tundu lake ni waya uliokunjwa tu, na pale unapokutana na shina panabaki mwanya. Pitisha kucha. Ikiingia, uzi nao utaingia, na ukingo wa chuma utaukata taratibu. Utadhani ni meno. Zichague dukani moja moja, muuzaji anune asinune.

Niambie ncha zako zikoje.

---

igombe_ziwani

Shikamoo mzee wa Wesha. Umenifunza jambo hapo kwenye ncha iliyoyeyuka, mimi miaka yote nikilaumu kiwanda.

Mimi ni wa maji baridi, Igombe, Mwanza, navua sangara. Huku hatuna nguru, lakini sangara naye ana lake. Meno yake ni madogo mengi, kama msasa, hayakati, yanasugua. Ukiona ncha ya kwetu ina manyoya, usiseme mwamba tu, inaweza kuwa mdomo wake mwenyewe, hasa kama mmevutana muda mrefu. Na mashavu yake yana kingo kali, ukimzungusha vibaya karibu na boti uzi ukapita pale, kwisha habari.

Kwa hiyo mimi kila baada ya samaki mmoja mkubwa nakata kipande cha mwisho, urefu wa mkono, nafunga upya. Ni dakika tatu. Wenzangu huniona nachelewesha.

Kuhusu kupima fundo bila kupoteza samaki: ninayo ndoo ya lita 20 na mti wa mwembe. Nafunga ndoana kwenye kipande cha uzi, ndoana naitia kwenye mpini wa ndoo, uzi naufunga kwenye tawi kwa kuuzungusha mara nyingi bila fundo ili usikatikie kule juu. Ndoo iwe kimo cha kiganja tu juu ya mchanga. Halafu naongeza maji kwa kopo la lita moja, na lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji mizani. Kwa nailoni yako nene ndoo moja haitatosha, utapima bure, kwa hiyo chukua nyembamba ya 0.40 ujifunzie mafundo juu yake. Nilifanya hivyo na mwanangu likizo ya shule: fundo tupu lilikatika ndoo haijafika nusu, lile la kuzungusha mara tano lililokazwa kavu likafuata, lilelile lililoloweshwa likaendelea kubeba tukiendelea kumimina. Uzi mmoja, mkono mmoja wa kufunga, tofauti ni mate.

Ila ndoo haivuti kwa kishindo na samaki anavuta kwa kishindo. Usijipe moyo kupita kiasi.

---

deki_watamu

Salamu kutoka Watamu. Mimi nafanya kazi kwenye boti za wageni wa kuvua kwa fimbo, kufunga ndiyo kazi yangu ya asubuhi kabla jua halijatoka. Mzee amemaliza upande wa ndoana, mimi naongeza waya na hicho chambo bandia.

Nguru bila waya ni bahati nasibu. Wengine hawapendi kwa kuwa waya unapunguza kubebwa kwa chambo, na ni kweli unapunguza. Sulisuli tunamwekea nailoni nene tu, kwa sababu mdomo wake unasugua, haukati. Nguru ni mkasi. Chukua waya mmoja mgumu usioshika kutu, si ule wa kusuka, urefu wa sentimita 30 baada ya kufunga unatosha.

Waya haufungwi fundo, unasokotwa. Pitisha kwenye tundu la ndoana, acha kitanzi kidogo, halafu shika miguu yote miwili na uisokote pamoja ikiwa imetanuka, iweze kukumbatiana kwa umbo la herufi X, mara nne au tano. Hapa wengi hukosea: wanazungusha mguu mfupi kwenye mguu mrefu ulionyooka. Hiyo inateleza. Lazima yote miwili ijipinde kwa usawa. Ukishapata hizo X, ndipo mguu mfupi unauzungushia mrefu kwa pembe ya mraba, mizunguko mitano iliyobanana. Usikate kwa koleo. Pinda mwisho wake uwe kama mkono wa kuzungushia, uuzungushe mbele na nyuma, utakatika wenyewe palepale, laini. Ukikata kwa koleo unabaki na mwiba, na mwiba huo utakupasua kiganja siku unayomshika samaki. Nimeshonwa kwa ajili hiyo, kidole cha kati.

Upande wa pili wa waya weka swiveli, kile kiungo kidogo cha chuma kinachozunguka, na kwenye swiveli ndipo unafunga nailoni yako. Hapo huwezi kufunga shingoni kwa sababu hakuna shina. Pitisha ncha kwenye jicho, zungusha kwenye mshipi mkuu, rudisha kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na jicho, kisha upitishe tena ndani ya kitanzi kikubwa kilichojitokeza. Kwa uzi mwembamba mizunguko mitano au sita. Kwa 0.80 minne, zaidi ya hapo hailali.

Chambo chako. Ule ulimi wa mbele ndio unaomfanya acheze, na ili acheze lazima awe huru pale anaposhikwa. Ukimfunga kwa fundo la kubana umemshika pua. Kwenye nailoni tunaacha kitanzi: piga fundo tupu bila kulikaza, shibri moja kutoka ncha. Pitisha ncha kwenye jicho la chambo, irudishe ndani ya fundo lile tupu kupitia upande uleule ilikotokea. Zungusha kwenye mshipi mkuu mara tatu au nne, irudishe tena ndani ya fundo tupu. Lowesha, kaza. Unabaki na kitanzi kidogo ambacho hakijifungi, na chambo kinaning'inia kama hereni. Lakini kwa kuwa unamtaka nguru, utatumia waya, na kitanzi cha waya tayari kinafanya kazi hiyo.

Kama bado analala ubavu, shida haikuwa fundo. Mshike akutazame, na kwa koleo pinda lile jicho kidogo mno kuelekea upande unaotaka aende. Unywele tu. Jaribu ubavuni mwa ngalawa, rudia.

---

kijana_wa_kigombe

Mzee wa Wesha, nimeziangalia. Ilibidi nitafute kwenye kopo la takataka la ngalawa, kwa sababu huwa nakata ncha na kuitia humo nikifunga upya. Nimepata vipande vitatu, cha nne sikukipata.

Viwili vimejiviringa kabisa. Vile ulivyosema, kama mung'unye. Na kimoja kina kile kichwa nilichokichoma, kimepasuka upande na kipo mwishoni mwa mizunguko. Kwa hiyo kilipita tunduni na kichwa chake. Cha tatu ni safi, kimekatwa mshazari, hakuna mkunjo wowote. Sijui ni yupi kati yao alikuwa yule niliyemwona mgongo.

Nilikaa navyo mkononi muda mrefu. Baba mdogo akaniuliza natazama nini, nikampa asome hapa. Amesoma yote.

Ndoana nimezikagua kwa kucha. Katika kumi na mbili, tano zina mwanya. Nimezitenga.

Jana tumetoka. Ndoana zote za changu nimezifunga shingoni, ya kwanza ilinichukua dakika kumi na nikairudia mara tatu kwa sababu pete zilikuwa zinapanda juu, ya mwisho kama dakika mbili. Kwa nguru niliomba waya kwa fundi mmoja hapa, nikausokota kama deki alivyoeleza. Chambo bandia nimempinda jicho, sasa anaogelea, anayumba kulia kushoto, nilifurahi kumtazama tu.

Alfajiri chambo huyo ameliwa. Nguru, baba mdogo anakadiria kilo sita. Nilimshusha ndani ya ngalawa. Mikono ilikuwa inatetemeka sana hata sikuweza kuchomoa ndoana, baba mdogo ndiye aliyeichomoa.

Swali: waya umepinda katikati, umefanya kona. Nimeunyoosha kwa koleo, unaonekana sawa. Nitoke nao kesho?

---

deki_watamu

Hongera sana ndugu yangu! Usitoke nao. Waya mmoja ukishafanya kona umeshavunjika ndani, macho hayaoni. Utakatika palepale. Ukipinda upinde mpana tu, unaweza kuunyoosha kwa vidole. Kona, tupa, lakini usitupe majini wala ufukweni watu wanakopita.

---

mshipi_wa_wesha

Allah akuzidishie, mwanangu. Nimewasomea wajukuu hapa barazani.

Kile kipande chenye kichwa kilichopasuka usikitupe. Kiweke kwenye kopo lako la ndoana. Na swiveli, fundo lake ulilowesha? Hukusema.

---

kijana_wa_kigombe

Nililowesha, mzee. Kwa mate.